Ukoo wa Seli Moja

Doa la kwanza Skolastika Nyoni hakuliona mwenyewe. Lilikuwa katikati ya mgongo, mahali ambapo mtu hapaoni bila kioo, na nyumbani kwake Bombambili, mjini Songea, hapakuwa na kioo kikubwa kuliko kile cha kutazamia kilemba. Aliyeliona ni Benedikta, pacha wake, Jumapili moja walipokuwa wanavalishana sare za WAWATA, umoja wa akina mama wa kanisa, kabla ya misa ya pili. Alikuwa anampandisha zipu, mkono ukasimama njiani.

"Sko, umeungua na nini hapa?"

"Hapa wapi?"

"Hapa. Pamepauka, kama mtu kakumwagia maziwa ukaacha yakaukie."

"Niungue mgongoni? Kwani mimi napika kinyumenyume?"

Benedikta akacheka, akamalizia zipu, wakaenda kanisani. Hakuna aliyelizungumzia tena doa lile kwa muda mrefu.

Walikuwa mapacha wa kufanana. Baba yao, fundi seremala aliyejifunza kazi kwa watawa wa Peramiho, aliwahi kusimuliwa habari za watakatifu wawili pacha, Benedikto na Skolastika, na mkewe alipojifungua wawili hakuona haja ya kufikiria zaidi. Aliyetangulia akawa Skolastika. Wa pili alikuwa wa kike naye, baba akabadilisha herufi moja mwishoni mwa jina la mtakatifu, basi. Utotoni walichapwa kwa makosa ya mwenzao na kusifiwa kwa mema ya mwenzao, mpaka wakazoea. Ukubwani waliolewa nyumba mbili tofauti, Skolastika Bombambili na Benedikta Mjimwema, lakini kazi ilikuwa moja. Walikuwa wanatengeneza togwa.

Kazi hiyo waliigawana bila kukaa kikao. Benedikta alishughulika na kimea: aliloweka ulezi, akaufunika kwa magunia mpaka uote, akauanika, akausaga. Skolastika alipika uji wa mahindi kwenye sufuria kubwa, akaungoja upoe mpaka kidole kiweze kukaa ndani, ndipo akatia kimea na kukoroga kwa mwiko mrefu. Saa ile ndiyo aliyoipenda. Uji mzito uliokuwa unagoma kugeuka ulilegea ghafla, ukawa mwepesi na mtamu, kama mtu aliyeombwa radhi. Kesho yake waliupeleka kwenye meza yao karibu na soko. Wateja hawakujua leo wamehudumiwa na nani. Waliwaita wote wawili Mama Togwa, na wote wawili waliitika.

Mume wa Skolastika alikufa kwa presha. Watoto wake wawili wa kiume walikwenda kutafuta maisha, mmoja Makambako kwenye malori, mwingine Tunduru kwenye korosho. Akabaki na nyumba, sufuria, na pacha aliyekuja karibu kila siku.

Madoa yaliongezeka polepole, kwa adabu, kama wageni wasiotaka kusumbua. Moja kiunoni, mengine mapajani, jingine chini ya titi. Hayakuwasha wala hayakuuma. Yalikuwa meupe kiasi, yenye ngozi nyembamba iliyokunjamana kidogo kama karatasi ya sigara. Kila aliyemwonyesha alikuwa na jina lake. Wa duka la dawa alisema ni mashilingi, akampa tyubu. Jirani alisema ni mba, akamshauri sabuni ya salfa. Shemeji yake alisema ni utangotango wa jasho la jikoni. Wote walikubaliana kwamba ni fangasi. Miaka ikapita hivyo, ya tyubu na sabuni, na madoa hayakuondoka wala hayakukasirika.

Siku alipokwenda zahanati kwa kikohozi, mhudumu aliona doa jipya la shingoni likichungulia kwenye kola, akamwambia avue. Akamtazama kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, ambayo ndani ya chumba kilichogawanywa kwa pazia ilikuwa kubwa mno:

"Mama, kwenu kuna mtu aliwahi kuumwa ukoma?"

Akachukua pamba, akaisokota ncha. "Fumba macho. Nikikugusa sema 'hapa', uonyeshe kwa kidole."

Skolastika alifumba. Pamba ilitua nyepesi kama inzi. "Hapa," akasema. "Hapa. Hapa." Hakukosea hata mara moja. Mwenye ukoma madoa yake huwa hayasikii. Ya kwake yalisikia kila kitu. Mhudumu akaridhika kwamba si ukoma, akaandika apelekwe hospitali ya mkoa kwa mtaalamu wa ngozi. Lakini wanawake waliokaa kwenye benchi nyuma ya pazia walikuwa wamesikia swali, na hawakungoja jibu.

Wiki iliyofuata fundi baiskeli, mteja wao wa miaka mingi, alikuja mezani na kikombe chake kutoka nyumbani.

"Siku hizi unatembea na vyombo, fundi?" Benedikta akamuuliza.

"Ah, mama, daktari kaniambia ninywe kwa kipimo."

"Daktari gani huyo, wa baiskeli?"

Fundi akatabasamu akitazama chini. Benedikta akamjazia mpaka pomoni, ikamwagikia vidole vyake. Skolastika aliona yote hayo akiwa amekaa nyuma ya ndoo, akaona pia kwamba dada yake alikuwa na hasira kwa niaba yake, na kwamba yeye mwenyewe hakuwa nayo.

Mtaalamu wa ngozi hakuwa mkazi wa Songea. Alikuja kwa vipindi, akahudumia watu kwa siku chache, kisha akarudi kwake. Aliitwa Daktari Ida, binti mrefu mwenye miwani, wa umri wa kuwa mwanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alimkagua mwili mzima bila haraka, hata nyayo, hata nyuma ya masikio. Alimpiga sindano ya ganzi, akakata vipande viwili vya ngozi, vidogo kama punje za mtama, akavitia kwenye vichupa. Alisema vitasafiri mbali, kimoja kwenye hospitali kubwa, kingine mbali zaidi, kwa mwalimu wake aliye nje ya nchi. Skolastika akafikiri kwamba kipande cha mgongo wake kitafika mbali kuliko yeye alivyowahi kufika.

Majibu yalirudi wakati mahindi yameshakauka shambani. Daktari alimkalisha, akafunga mlango, akasogeza kiti upande wa Skolastika wa meza.

"Mama, hii siyo fangasi na siyo ukoma. Ni aina ya saratani, ila nisikilize kabla hujaogopa. Inakaa kwenye ngozi na inakwenda polepole sana. Watu wengi wenye aina kama yako wanaishi nayo mpaka uzee, wanakufa kwa mambo mengine kabisa. Wachache inawabadilikia, ndiyo maana nitataka kukuona kila nikija."

"Inaitwaje?"

Daktari aliandika kwenye karatasi: mycosis fungoides. "Limfoma ya ngozi. Hilo jina ni la Kilatini, na maana yake ni kama uyoga, na uyoga ni jamii ya fangasi. Daktari wa zamani huko Ulaya alimwona mgonjwa mwenye uvimbe kama uyoga, akaupa ugonjwa jina hilo. Alikosea, jina likabaki."

"Kwa hiyo hata wakubwa walidhani ni fangasi."

"Hata wakubwa, mama."

Kisha akaeleza, na alieleza vizuri. Mwilini kuna seli za ulinzi. Baadhi yake hukaa ngozini muda wote, zinangoja adui. Ndani ya kila seli mna maelekezo ya kazi yake, lini ikue, lini igawanyike, lini ife. Hayo maelekezo ndiyo jeni. Seli inapogawanyika maelekezo hunakiliwa, na katika kunakili makosa hutokea. Mengi hayana madhara. Lakini kuna siku isiyojulikana, miaka mingi nyuma, ndani ya seli moja ya ngozi ya Skolastika, makosa yaliangukia mahali pabaya.

"Seli ya ulinzi ikimaliza kazi hutakiwa kufa," daktari alisema. "Hiyo moja ikasahau kufa. Ikazaa nyingine kama yenyewe, nazo zikasahau. Zimejipanga kwenye ngozi ya juu, jirani na seli zinazotoa rangi, zinazisumbua. Ndiyo maana pamepauka."

"Mmejuaje kwamba ni moja?"

"Kila seli ya ulinzi ina alama yake, na watoto wake wote wanabeba alama hiyohiyo. Ngozi ya mtu mwenye ukurutu ukiipima unakuta alama za kila namna, mchanganyiko. Ya kwako karibu zote alama moja. Zote ni za ukoo mmoja."

Skolastika alitikisa kichwa kukubali. Pale kwenye kiti alielewa kabisa. Lakini alipopanda bodaboda kurudi nyumbani, na vumbi na baridi ya Julai vikimpiga usoni, maelezo yalianza kupukutika moja moja, na alipofika Bombambili lilikuwa limebaki neno moja tu.

Walikuwa wanamngoja sebuleni: Benedikta, na kaka yao Bartolomeo, mkubwa wa familia, aliyevaa koti kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi.

"Haya," Bartolomeo akasema. "Wamesemaje?"

"Wanasema ni saratani ya ngozi. Ya polepole. Inatokana na jeni." Akafikiri kidogo. "Wameipima huko nje ya nchi. Wamekuta ni ya ukoo mmoja."

"Ukoo gani?"

"Ukoo mmoja. Ndivyo alivyosema."

"Wa kwetu au wa upande wa mama?"

"Hakutaja."

Bartolomeo alisimama. "Ukoo wa Nyoni umezika watu wa malaria, wa kifua, wa pombe, hata mmoja wa radi. Wa ngozi hatujawahi. Huyo daktari mtoto wa nani? Anatujulia wapi?"

"Kaka, mimi nimesema alichosema."

"Basi mwambie autoe ukoo wetu kwenye makaratasi yake. Sasa hivi tuna binti ndani, wakwe wanakuja, halafu yeye anatuandikia ukoo!"

Binti aliyekuwa ndani ni Noela, kitinda mimba wa Benedikta. Alikuwa amechumbiwa na Remmy, kijana wa Mbinga, mwalimu wa sekondari, na sherehe ya kumuaga ilikuwa karibu. Skolastika alimtazama pacha wake ili wacheke pamoja hasira za kaka yao, kama ilivyo desturi yao. Benedikta hakucheka. Alikuwa ameinamia viganja vyake, anavigeuza mbele na nyuma, mbele na nyuma.

Toka siku hiyo hakuja tena Bombambili. Mwanzoni alituma kimea kwa kijana wa bodaboda. Alipopigiwa simu alisema ana kazi nyingi za sherehe. Baadaye hata kimea hakikuja, Skolastika akanunua cha sokoni, kilichosagwa na maganda yake, na togwa ikawa inakwaruza koo. Wateja walipungua. Fundi baiskeli peke yake hakukosa, na kikombe chake.

Kisha zikamfikia habari kwamba kwenye sherehe ya Noela watanunua soda na juisi za pakiti.

Hizo ndizo zilizomkalia vibaya. Kwao binti hakuagwa bila togwa, na togwa ya kumuaga binti ilikorogwa na mama yake pamoja na dada wa mama yake, mwiko mmoja, mikono minne. Mama mkubwa ndiye aliyekunywa kikombe cha kwanza mbele ya wageni. Binti zake wengine Benedikta aliwaaga hivyo, na kila mara wageni walicheka kwa kutojua yupi mama na yupi mama mkubwa. Skolastika hakuzaa binti. Kikombe kile kilikuwa ndicho chake. Kununua soda maana yake hakuna atakayekoroga, na asiyekoroga hakualikwa kusogea jikoni.

Hakulalamika kwa mtu. Aliamka, akapika, akauza kidogo, akarudi. Asubuhi jua likishapanda alikaa uani nyuma ya ua wa matete, akashusha kitenge mpaka kiunoni, akaota jua kama daktari alivyomwagiza, kwa kuwa mashine yenye mwanga wa kutibu ngozi haikuwapo karibu. Kisha alijipaka dawa aliyopewa na daktari. Mapajani na tumboni ilikuwa rahisi. Mgongoni mkono haukufika.

Daktari Ida aliporudi alimkagua, akaridhika. Madoa ya tumboni yalikuwa yameanza kurudisha rangi pembeni.

"Ila hili la mgongoni halijasogea. Nani anakupaka?"

"Mwiko."

"Nani?"

"Mwiko wa togwa. Wa zamani, sio ninaotumia. Nimeufunga kitambaa mwishoni."

Daktari alicheka, akaona Skolastika hacheki, akaacha. "Nyumbani hakuna mtu, mama?"

"Nina pacha. Ila haji tangu uliposema ni ugonjwa wa ukoo."

"Mimi nilisema ugonjwa wa ukoo?"

"Ulisema ni za ukoo mmoja."

Daktari alivua miwani.

"Seli, mama. Nilisema seli ni za ukoo mmoja. Zimezaana zenyewe kwa zenyewe, ndani ya mwili wako. Huo ukoo umeanzia kwako na utaishia kwako. Haukutoka kwa baba yako, wala hukumwachia mtoto. Neno langu hilo, nisamehe. Sikufikiria litasikikaje." Akavaa miwani tena, kisha akageuka kama aliyeguswa bega. "Umesema pacha? Wa kufanana?"

"Mpaka mama yetu alitufunga nyuzi mkononi ili atutofautishe."

"Naye ana madoa?"

"Hana."

"Unaona sasa? Mlianza na maelekezo yaleyale, herufi kwa herufi. Kama ungezaliwa nao, yeye angezaliwa nao. Huko kukosea kulitokea baadaye, ndani ya seli yako moja, wakati mlikuwa mmeshakuwa watu wawili." Akaongeza, kwa uangalifu wa mtu aliyekwisha kuponzwa na maneno: "Zipo familia chache sana duniani zilizopata watu wawili. Hatujui kwa nini. Lakini mlete nimwone."

Kutoka hospitali Skolastika alikwenda Mjimwema kwa miguu. Alimkuta Benedikta nyuma ya nyumba amekaa kwenye jamvi anapukuchua mahindi, kajifunika kanga mbili na sweta la shingo ndefu, ingawa jua lilikuwa limeshawaka. Hakuna aliyesalimia. Skolastika akakaa upande wa pili wa lundo, akachukua gunzi moja la kusuguia na hindi moja, akaanza kazi. Punje zilidondoka kwa muda.

"Umekuja kuona kama limeanza?" Benedikta akasema.

"Nini kimeanza?"

"Usijifanye."

Alishusha kanga, akavuta shingo ya sweta. Begani na juu ya kifua kulikuwa na madoadoa meupe, madogo, yameshikana.

Skolastika aliacha hindi. "Lini?"

"Niliyaona jioni ileile uliyotoka kwa daktari. Nimekwenda kuoga, nimejitazama, nayo hayo. Nikasema, haya, zamu yangu. Nikikutazama wewe naona mwakani nitakavyokuwa. Ningekujaje kwako? Nije nijitazame?"

"Nilidhani unaniogopa."

"Nikuogope wewe? Wewe si mimi?" Akafuta pua kwa kanga. "Na huyu Noela. Wakijua mama mkubwa anao na mama anao, nani atabisha kwamba si ukoo? Nikasema tununue soda, tusikae pamoja mbele ya watu, wasitufananishe."

"Bene, watu wamekuwa wakitufananisha tangu tunanyonya."

"Ndiyo hivyo!"

Skolastika akamweleza alichoelezwa, na safari hii alikuwa amekishika vizuri. Alipoona maneno ya daktari hayaendi mbali, akahamia jikoni. "Chukua uji wa sufuria moja. Ugawe ndoo mbili, kimea kilekile. Asubuhi ndoo moja tamu, nyingine imechacha. Utasema kosa ni la mahindi?"

"Nitasema kuna kitu kimeingia kwenye ndoo."

"Basi kimeingia kwenye yangu."

"Na hii je?" Benedikta akagusa bega lake.

Skolastika alikung'uta kitenge, akasimama. Alisema tu, "Twende," na Benedikta, baada ya kumaliza hindi aliloshika, akasimama.

Daktari Ida alipowaona wakiingia alisimama mlangoni akiwatazama mmoja baada ya mwingine, na kwa mara ya kwanza alionekana mtoto. Kisha akaanza kazi. Alimkagua Benedikta kama alivyomkagua mwenzake, nyayo kwa masikio. Akakwangua bega lake taratibu kwa ukingo wa wembe, unga mweupe ukadondokea kwenye kipande cha kioo, akautia tone moja la dawa, akaenda nao kwenye darubini chumba cha pili. Mapacha walibaki wamekaa bega kwa bega, mmoja kafungua vifungo, mwingine kashika mikoba yote miwili.

"Utangotango," daktari alisema aliporudi.

"Ndiyo nini hiyo?" Benedikta akauliza, kama vile hajawahi kulisikia neno hilo maishani.

"Utangotango, mama. Fangasi. Jasho na masweta. Nakupa dawa ya kupaka, na hilo sweta pumzika nalo."

"Fangasi kweli?"

"Fangasi halisi. Nimewaona."

Benedikta aligeuka. "Sko! Mimi nina fangasi!"

"Hongera."

"Wewe mwenye ugonjwa wa jina la uyoga huna uyoga, mimi ndiye ninao!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na daktari akacheka, na Skolastika pia akacheka. Lakini katikati ya kicheko kile alihisi kitu kidogo kikishuka ndani yake, hakutaka kukitazama sana. Tangu Mjimwema mpaka hospitali, kwa mwendo ule mfupi, aliogopa kwa ajili ya dada yake, na aliogopa kweli. Lakini pia hakuwa peke yake. Sasa Benedikta amerudi upande wa pili, upande wa watu wenye fangasi. Maisha yao yote walikuwa wamehesabiwa mmoja, na ilibidi seli moja isahau kufa ili wawe wawili.

"Kwa hiyo sitaupata?" Benedikta alikuwa anauliza.

"Siwezi kumwapia mtu yeyote, hata mimi mwenyewe naweza kuupata. Ninachosema ni kwamba kuzaliwa naye hakukupangi kwenye foleni."

Togwa ya Noela ilipikwa Bombambili, kwa sababu ndiko sufuria kubwa iliko. Bartolomeo alielezwa habari za seli. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama jina la Nyoni limeandikwa popote, akaambiwa limeandikwa kama jina la mgonjwa tu, akasema hapo sawa. Shangazi wa Remmy, aliyekwisha kusikia ya kusikia, alitaka kuelezwa naye. Benedikta ndiye aliyemweleza, kwa kumwonyesha bega lake lililokuwa linapona na mkono wa pacha wake wenye doa. Shangazi alitazama, akauliza maswali ya mtu anayejua kununua ng'ombe. Siku ya sherehe hakunywa togwa. Alikunywa maji ya chupa aliyokuja nayo. Remmy alikunywa vikombe viwili, mama yake kimoja. Kikombe cha kwanza alikunywa Skolastika, amesimama mbele ya watu, na mshereheshaji akamwita kwa jina la Benedikta, ukumbi ukacheka.

Mezani sokoni si wateja wote waliorudi. Fundi baiskeli aliendelea kuja na kikombe chake, hata alipoambiwa na kila mtu kwamba hauambukizi. Labda alikuwa ameshakizoea. Ugonjwa nao haukuondoka. Madoa mengine yalififia, mengine yalibaki, na moja jipya lilitokea nyuma ya goti. Daktari alisema ndivyo unavyokuwa, unakwenda na kurudi, na akija kipindi kingine atalitazama.

Siku iliyofuata sherehe Benedikta alikuja asubuhi na kapu la kimea kipya. Alimkuta dada yake uani, nyuma ya ua wa matete, kakaa kwenye kigoda na kitenge kiunoni, uso kaupa ukuta na mgongo kaupa jua. Mwiko uliofungwa kitambaa ulikuwa umeegemezwa ukutani. Benedikta aliuangalia, akauchukua, akauweka mbali, karibu na kuni.

"Dawa iko wapi?"

"Hapo kwenye kibati."

Benedikta alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akachota dawa kwa kidole. Mkono wake ulikuwa wa baridi, ulitoka kuosha ulezi. Skolastika alifumba macho. Kidole kikatua.

"Hapa," Skolastika akasema.

"Najua ni hapa, mlongo wangu. Mimi si ndiye ninayeona?"

Kidole kikahama.

"Na hapa," akasema tena.